Ulinunua Bima ama Ulinunua Stika?

Shilingi mia mbili. Hizo ndizo zilifanya kampuni ya bima ikatae kulipa gari la khotsa wangu. Sio pombe, sio leseni feki, sio mwendo wa kasi. Ni mia mbili za M-Pesa ambazo jirani yake, mwalimu, alimtumia asubuhi ile akamwambia, "Hiyo ni ya mafuta kidogo."

Ngoja nikupeleke polepole. Kama wewe si mtu wa huku, khotsa ni mjomba, na Jumamosi asubuhi huku Shinyalu barabara si ya magari. Ni ya fahali. Anasindikizwa uwanjani kupigana, vijana mbele na nyuma yake na matawi mkononi, isikuti inalia, na wewe dereva unatafuta mahali kando unasimama mpaka wapite. Mwaka jana khotsa alikuwa anaelekea Khayega kwenda Kakamega mjini na Probox yake, akatokea kwa kona akapatana nao uso kwa uso. Akakata usukani. Gari likaacha barabara, likagonga boda iliyokuwa imeegeshwa, likaishia kwa kalvati. Fahali hakuguswa, na nakuapia hilo ndilo swali la kwanza watu waliuliza.

Ndani ya gari walikuwa wanne: khotsa, shemeji yake, mzee mmoja wa kanisa, na huyo mwalimu. Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko. Mwenye boda alikuwa ng'ambo ya barabara ananunua mandazi, na hiyo mandazi ilimwokoa miguu. Lakini pikipiki yake, foku ilipinda, tangi likabonyea, taa ikaisha. Pikipiki ya mkopo, ile ya kulipa kila siku, na ukiruka siku mbili tatu simu zinaanza.

Khotsa akatoka kwa gari, akamshika kijana mkono akamwambia mbele ya watu wote, "Pole kijana wangu, makosa ni yangu, usijali, nitakutengenezea." Wewe ungesema nini? Huku kwetu ukigonga kitu cha mtu ukanyamaza, hata mama yako atakuuliza ulilelewa wapi. Kumbe maneno hayo nayo yalikuwa yanaandikwa mahali.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Ukurasa mmoja. Sababu ya kwanza: gari limeandikishwa bima ya matumizi ya binafsi na siku ya ajali lilikuwa linabeba abiria kwa malipo. Sababu ya pili: mwenye bima alikubali makosa na kuahidi malipo kwa mtu mwingine bila idhini ya kampuni. Kwa hivyo, samahani, hatutalipa. Fundi alikuwa ashapiga hesabu ya 238,000. Khotsa alikuwa amelipia bima kamili, si ile ya chini ya elfu kumi ya kuonyesha polisi. Thelathini na kitu elfu kwa mwaka, pesa ya sacco.

Nikaitwa mimi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kwa familia ukishasoma kidogo na una simu yenye bando, wewe ndiye wakili. Nikakaa na ule mkataba siku tatu. Kurasa zaidi ya ishirini ambazo khotsa hakuwa amewahi kufungua tangu ajenti amtumie kwa WhatsApp. Usimcheke. Wako umeusoma?

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho nataka ukichukue kwa uzito. Wengi wetu hatununui bima. Tunanunua stika. Stika ni ya askari wa roadblock, na kazi yake inaisha akishaiangalia akasema endelea. Bima ni ule mkataba, na kazi yake inaanza siku ambayo gari liko kwa mtaro. Kampuni inajua tofauti hiyo vizuri sana. Sisi tunaijua tukishapata barua.

Na haya mambo ya bima hayako mbali na wewe, hata kama gari lako bado ni ndoto. Unakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? Ndani yake kulikuwa na ushuru wa magari wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, usiopungua 5,000 na usiozidi 100,000, na waliopewa kazi ya kuukusanya ni kampuni za bima, wakati unachukua kava. Uliondolewa Juni mwaka huo, siku chache kabla ya mswada mzima kuangushwa na vijana barabarani. Kisha Agosti 2024 kampuni ya Invesco, ambayo matatu nyingi zilikuwa zinatembea na stika yake, ikawekwa chini ya mfilisi. Haikuwa ya kwanza: United ilianguka 2005, Blue Shield 2011, Resolution 2022. Kampuni ikifa, kuna Hazina ya Kufidia Wenye Bima, lakini kile inacholipa kwa dai kina mwisho. Na zile gari zilizochomwa wakati wa maandamano? Wenye nazo wengi waligundua kwamba mkataba wa kawaida wa gari hauhesabu ghasia za kisiasa. Hiyo ni kava ya kuongezea, unailipia kando, na ajenti asipokwambia, hutajua kwamba haiko.

Turudi kwa mia mbili.

"Kubeba abiria kwa malipo" si neno dogo. Bima ya gari la binafsi ni rahisi kuliko ya gari la biashara kwa sababu hatari si sawa. Gari la kubeba watu linatembea saa nyingi, linajaa, linakimbizana na mengine kwa stage. Kwa hivyo kampuni ikikuuzia ya binafsi halafu ikukute na wateja, inasema hii si hatari niliyokubali. Na kusema ukweli, wana hoja. Sote tunajua Probox za huku zinafanya kazi gani. Kuna zile hubeba watu tisa na kuku wawili zikiwa na stika ya binafsi, na mwenye gari anajua, na askari anajua, na wewe uliyekalia gear unajua. Ikipinduka, wewe abiria ndiye unaumia mara mbili, maana kava ya binafsi haikuandikwa kwa ajili ya abiria wa kulipa. Fikiria hilo ukiwa umebanwa hapo katikati.

Lakini khotsa na mwalimu ni biashara? Hapo ndipo kuna kazi. Nilipotafuta, nikapata kwamba swali hili ni la zamani. Mwaka 1971 Nyumba ya Malodi kule Uingereza iliamua kesi inayoitwa Albert, ya mfanyakazi wa bandari aliyekuwa anawabeba wenzake kazini kwa gari lake na wao wanamlipa. Walodi waliuliza: je, ni ukarimu wa kawaida kati ya watu wanaojuana, ama ni mpango wa kila mara uliovuka ukarimu ukawa kama biashara? Yule wa bandari alikuwa amevuka. Kesi ya Uingereza haifungi hakimu wa Kenya, lakini mawakili wetu huzitumia, na swali lenyewe ni zuri. Linakwambia kwamba pesa kubadilisha mkono mara moja si mwisho wa habari. Cha kuangaliwa ni mazoea.

Tukasema basi tuonyeshe mazoea. Khotsa akaomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Nilikuwa nimejiamini, manze. Nikaifungua kwa simu nikijua tutamaliza mchezo hapo.

Nikakuta 100 kutoka kwa mtu mmoja, Jumamosi. Nikakuta 150, mtu mwingine, Jumamosi nyingine. Tena 100, siku ya soko. Mara nne kwa miezi sita ukihesabu na ya mwalimu. Nikamwangalia khotsa. Akaniangalia. "Ni watu wa hapa tu," akasema. "Wakiona gari linatoka wanapanda. Mtu akikupea mia utaitupa?"

Sasa nakuuliza wewe: huyo ni mtu wa matatu ama ni jirani? Mimi nasema jirani. Mara nne kwa miezi sita haijazi hata tangi, na hakuna siku hata moja khotsa alisimama stage kuita watu. Lakini siwezi kukudanganya kwamba ile karatasi ilikuwa safi. Mchunguzi wa bima akiwa nayo mkononi anaweza kuisoma vingine, na ndiyo maana nilijifunza kuisoma mwenyewe kwanza kabla ya kuituma kwa mtu yeyote. Wengi huenda kupigana na kampuni kabla hawajapigana na ukweli wao wenyewe kwa meza ya nyumbani.

Tuliituma. Yote, bila kukata. Tungetuma nusu na wapate nusu ile nyingine, tungekuwa waongo, na mambo ya bima yamejengwa juu ya nia njema kabisa kutoka pande zote mbili. Ukificha jambo kubwa, mkataba wenyewe unaweza kutupwa.

Kilichotusaidia zaidi ni kitu kidogo. Tuliomba ripoti ya mchunguzi. Barua inasema "uchunguzi wetu umebaini," basi tuonyesheni huo uchunguzi. Kwa Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 107, anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha. Ni kampuni inayosema khotsa alikuwa anafanya biashara, na mzigo wa kuthibitisha ni wao. Ripoti ilipokuja ilikuwa na mashahidi wawili: mwalimu, ambaye alisema wazi kwamba alitoa mia mbili ya mafuta, na kijana fulani wa stage ambaye hakuandikwa jina, aliyesema "hii gari hubeba watu." Shemeji na mzee wa kanisa hawakuwa wameulizwa. Hao wawili hawakuwa wamelipa hata ndururu. Tukaandika maelezo yao, wakatia sahihi, tukayapeleka.

Ile sababu ya pili, ya khotsa kusema pole, ndiyo ilinikasirisha zaidi. Kifungu kipo, sikatai. Karibu kila mkataba wa gari una maneno kwamba usikubali makosa, usiahidi, usilipe mtu bila ruhusa ya kampuni. Sababu yao ni kwamba kesi ikifika kortini, wao ndio wataisimamia, na wewe ushaharibu utetezi wao barabarani. Sawa. Lakini dai letu lilikuwa la kutengeneza Probox ya khotsa. Kwa kava kamili, Probox inatengenezwa hata kama makosa ni ya khotsa mia kwa mia, hiyo ndiyo maana ya kulipa zaidi. Sasa maneno "nitakutengenezea" aliyomwambia kijana wa boda yaliidhuru vipi kampuni kwa upande wa Probox? Tukawaandikia swali hilo moja tu. Hawajawahi kulijibu. Barua yao iliyofuata haikuigusa sababu ya pili tena, na mimi nikajifunza kwamba barua ya kukataa huwekwa sababu mbili tatu ili wewe uogope zote kwa pamoja. Zitenganishe. Nyingine huanguka ukiigusa tu.

(Na kama unajiuliza useme nini ukigonga mtu: sema pole. Pole ni utu. "Umeumia? Tuite msaada" haijamkubalia mtu kosa lolote. Ni hayo ya "makosa ni yangu, nitalipa" ndiyo uyameze mpaka upige simu kwa bima. Najua ni ngumu. Jaribu kumeza ukiwa mbele ya watu hamsini na isikuti.)

Kijana wa boda sasa. Huyu ndiye aliyenifanya niandike, kwa sababu yeye ni wewe. Alikuwa na stika, alilipa kama kila mtu. Alipokuja kuniuliza kama bima yake mwenyewe itamtengenezea pikipiki, ilibidi nimwambie hapana. Ile ya lazima, ya mtu wa tatu, inalinda wale wewe utakaowagonga. Na chini ya Sheria ya Sura ya 405, kile ambacho lazima kilindwe ni mwili wa mtu: kifo na majeraha, mpaka milioni 3 kwa kila mdai. Mali ya watu hulipwa kwa sababu kampuni nyingi zimeiweka kwa mkataba, si kwa sababu sheria imelazimisha. Pikipiki yako wewe haimo kabisa. Kwa hivyo kijana alikuwa anangoja bima ya khotsa, na bima ya khotsa imekataa. Anasimama hapo katikati, mkopo unahesabu siku.

Angekuwa ameumia mguu, hadithi ingekuwa tofauti, na hili ni la kushika. Sheria hiyo ya 405 inajua kwamba kampuni na mwenye gari wakigombana, anayeumia ni mtu wa nje ambaye hakusaini chochote. Ndiyo maana kifungu cha 16 kinasema kuna mambo ambayo bima haiwezi kuyatumia kumkwepa mtu aliyejeruhiwa: idadi ya watu waliobebwa, hali ya gari, umri au hali ya dereva, uzito wa mzigo. Makosa ambayo mwenye gari aliyafanya baada ya ajali nayo hayamnyimi majeruhi haki yake. Kampuni ikilipa, imgeukie mwenye gari idai pesa yake, lakini majeruhi awe ashalipwa. Na ikitaka kuukana mkataba kwa sababu ulificha jambo ulipoomba kava, haiwezi kujitangazia tu kwa barua halafu imfukuze majeruhi. Iende kortini itafute tamko, kabla kesi ya majeruhi haijaanza ama ndani ya miezi mitatu tangu ianze. Kwa hivyo ukigongwa na mtu, halafu ajenti akwambie "huyo jamaa bima yake ilikataliwa, pole," usirudi nyumbani. Mwambie wakili jina la kampuni na nambari ya stika mapema, kwa sababu kampuni isipopewa notisi ya kesi kwa wakati, hapo kweli inaponyoka.

Lakini yake ilikuwa foku na tangi. Watu wawili wazima wa mtaa waliketi na khotsa na babake kijana chini ya mti, chai ikapikwa, wakasikizana 18,000 kwa awamu tatu. Khotsa alilipa kutoka mfukoni. Neno alilolitoa barabarani, alilitimiza. Kampuni ingeandika barua nyingine juu ya hiyo chai kama ingeijua.

Upande wa Probox tulipanda ngazi. Kwanza tuliandikia kampuni yenyewe malalamiko rasmi, kwa sababu ukienda juu bila kuanza nao utarudishwa. Majibu yakawa yale yale, ila marefu zaidi. Kisha tukaandikia Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, Nairobi. Hakuna ada, hakuna wakili, unatuma kwa barua pepe. Tuliweka barua ya kukataa, mkataba, abstrakti ya polisi, picha, ripoti ya mkadiriaji, taarifa ya M-Pesa, maelezo ya shemeji na mzee. Na barua yetu ikawa ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeandika kurasa sita za hasira, nikazifuta zote. Hasira haina kiambatisho.

IRA si korti, usidhani wataamrisha ulipwe kesho. Lakini wao ndio wenye leseni ya kampuni mkononi. Wakiandika kuuliza "mbona mlikataa?", anayejibu si yule dada wa kaunta tena.

Na mlango wa korti ulikuwa wazi pia. Mahakama ya Madai Madogo inasikiza mambo ya hadi milioni 1, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria yake inataka kesi iishe kwa siku 60. Kwa dai kama hili la gari, ndiyo ngazi ambayo mtu wa kawaida anaifikia bila kuuza shamba. Ila soma mkataba wako kwanza. Mingi ina kifungu cha kupeleka mgogoro kwa msuluhishi kabla ya korti, na mingi inasema ukikataliwa ukakaa kimya miezi 12, umesalimu amri. Sheria ya kawaida inakupa miaka 6 kwa kesi ya mkataba, lakini hakuna haja ya kujipima nguvu na hayo maneno. Nilikutana na watu watatu mjini ambao walikataliwa, wakakasirika, wakaitupa barua kwa droo. Wote walikuwa na hoja nzuri kuliko yetu.

Baada ya miezi miwili na zaidi tangu tuandike IRA, simu ikaingia. Kampuni iko tayari kutoa 120,000 "bila kukubali kwamba inadaiwa." Halafu ikaja karatasi ya kusaini: ukipokea hizi, umemaliza, hutadai tena milele.

Nilimwambia asisaini. Hesabu yangu: 238,000 ukitoa ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe, tunabaki juu ya laki mbili. Na mtu anayesema hadaiwi haleti laki na ishirini kwa kupenda kwake. Wanajua ripoti yao ni nyembamba. Twende Madai Madogo.

Khotsa alinisikiza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza gari limekaa gereji miezi mingapi. Akaniuliza mkopo wa sacco unalipwa na nani. Akaniuliza kama korti itamwambia mwalimu asimame aapishwe aulizwe juu ya mia mbili yake mbele ya watu, yeye ambaye alikuwa anajaribu tu kuwa na adabu. Sikuwa na jibu la hilo la mwisho. Akasaini.

Bado nafikiri alikosea. Pia nafikiri hivyo ndivyo kampuni zinavyoshinda: hazihitaji kuwa na haki, zinahitaji tu kungoja kuliko wewe. Mtu anayedaiwa na fundi, na sacco, na karo, atachukua nusu. Bima ya magari ya binafsi imekuwa ikiwapa kampuni hasara kwa mahesabu yao miaka mingi, na nyingi ya hasara hiyo, wanasema, ni madai ya uongo. Sikatai kwamba waongo wapo. Nawajua wengine kwa majina, watu waliovunjika mgongo Jumatatu wakacheza mpira Jumapili. Lakini mwongo ana wakili na daktari wake tayari, amejipanga. Anayekamatwa kwa ule wavu ni mtu kama khotsa, ambaye alisema ukweli wote kwa mchunguzi, pamoja na ule ambao hakuulizwa.

Kwa hivyo leo jioni toa simu, tafuta ule mkataba kwa WhatsApp ya ajenti. Angalia mahali wameandika matumizi ya gari ama pikipiki. Kama unabeba watu na imeandikwa binafsi, hiyo unayolipia ni karatasi ya rangi. Angalia fomu ya maombi, ile ajenti alikujazia akakwambia "weka sahihi hapa tu." Ya khotsa iliandikwa gari linalala ndani ya geti lenye mlinzi. Khotsa hana geti. Ana mwembe. Hatukushtakiwa kwa hilo kwa sababu hakuna aliyeiba gari, lakini sahihi ni yake, si ya ajenti, na siku gari likiibwa huo mwembe utaitwa kutoa ushahidi.

Probox imerudi barabarani, mlango mmoja una rangi tofauti kidogo na mingine. Khotsa alichukua bima tena, kampuni nyingine, na safari hii alimlazimisha ajenti aketi hadi wamalize kurasa zote. Ilichukua saa mbili, ajenti alikuwa anatokwa jasho.

Wiki iliyopita mwalimu alipanda tena kwenda mjini. Walipofika alituma mia mbili. Khotsa akazirudisha hapo hapo, mbele yake. Mwalimu amekasirika mpaka leo, anaambia watu khotsa siku hizi ana madharau.